Cha bure si huria, na kijani si salama

Juma lililopita nilipata barua pepe kutoka kwa kijana mmoja aliyemaliza chuo mwaka jana, ambaye sasa anaandika programu katika kampuni ndogo hapa Nairobi. Barua ilikuwa fupi: "Kaka, bosi ameniambia nitafute zana za bure za kuchambua msimbo na za kupima kavareji ya majaribio. Anataka tufike asilimia 80 kabla ya mwisho wa mwezi. Nichukue ipi?"

Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Mwishowe nikatambua kwamba nimekasirika, na kijana mwenyewe hana kosa. Ameuliza swali zuri. Kilichonikera ni maneno mawili yaliyo ndani ya swali lake: "bure" na "asilimia 80". Nimeyasikia maneno hayo yakitajwa pamoja mara nyingi mno katika kazi hii, na kila mara yanatoka kinywani mwa mtu ambaye hajawahi kuamshwa saa nane za usiku kurekebisha hesabu za pesa za watu. Basi badala ya kumjibu yeye peke yake, naandika hapa. Vuta kiti.

Kwanza tuelewane kuhusu vyombo vyenyewe

Wewe msomaji ambaye huandiki programu usikimbie, mambo haya si magumu. Zana hizi ni za aina mbili na watu huzichanganya kila siku.

Aina ya kwanza husoma msimbo bila kuuendesha, kama mwalimu anayesahihisha insha kwa kalamu nyekundu. Hapa umetumia kitu ambacho hakipo. Hapa umefungua faili ukasahau kulifunga. Hapa mstari huu hauwezi kufikiwa hata siku moja. Babu wa zana hizi ni lint, ambayo Stephen C. Johnson aliiandika katika maabara za Bell Labs huko Marekani miaka ya 1970 ili kukagua programu za lugha ya C. Jina lenyewe ni lile vumbi la nyuzi linaloganda kwenye nguo, na kazi ya lint ilikuwa kulipangusa. Wajukuu wake ni wengi: Pylint, ESLint, PHPStan, SpotBugs, Cppcheck na kadhalika.

Aina ya pili haisahihishi chochote, inahesabu tu. Unaendesha majaribio yako, nayo inatia alama kila mstari uliopitiwa. Mwishoni inakuambia: mistari 800 kati ya 1,000 imeguswa, yaani asilimia 80. Hiyo ndiyo kavareji. Ipo kavareji ya mistari. Ipo ya matawi, inayouliza kama kila "ikiwa" imejaribiwa upande wa ndiyo na upande wa hapana. Na ipo ile kali kabisa, MC/DC, inayodaiwa kwa programu za ndege za daraja la hatari kuu chini ya kanuni za DO-178C, ambapo kila sharti lazima lionyeshwe kuwa linaweza peke yake kuugeuza uamuzi.

Kwa ufupi, zana moja inakuambia ulichoandika vibaya na nyingine inakuambia ambacho hujakigusa. Hakuna hata moja kati yao inayokuambia kwamba programu yako ni sahihi. Nitarudi hapo.

Siku tuliyofika asilimia 100

Kabla ya kuwanyooshea wengine kidole nianze na langu, maana nyani haoni kundule.

Mwaka 2021 nilikuwa katika timu ya watu wanne tuliojenga mfumo wa mikopo kwa chama kimoja cha akiba. Wanachama walilipa kwa M-Pesa. Utaratibu ni huu: mfumo wako unaomba malipo, mteja anaona ujumbe kwenye simu yake, anaweka PIN, kisha jibu linarudi kwenye seva yako likiwa na namba ya matokeo. Sufuri maana yake amelipa. 1032 maana yake ameghairi. Zipo namba nyingine, lakini sufuri ndiyo pesa.

Tuliandika kwa PHP. Kiini cha kazi yote kilikuwa mstari mmoja: ikiwa $matokeo == 0, funga deni. Tukaandika majaribio mawili, moja la mteja aliyelipa na jingine la mteja aliyeghairi. Yalikuwa majaribio ya haki, si ya kudanganyia, na yote mawili yakapita. Kavareji ya mistari asilimia 100. Kavareji ya matawi asilimia 100. Tukabandika ile beji ya kijani juu ya ukurasa wa mradi, tukanunuliana chai na mandazi.

Miezi mitatu baadaye, programu ndogo tuliyoiandika wenyewe, ya kutuma upya majibu yaliyokwama, ikaharibika na kuanza kutuma ujumbe mtupu. Hakukuwa na kitu ndani. PHP ikajaribu kusoma namba ya matokeo katikati ya utupu huo, ikanung'unika kwa maonyo ambayo tulikuwa tumeyazima kwenye seva, ikarudisha null. Na katika PHP, null == 0 ni kweli! Utupu ukahesabiwa kuwa sufuri, na sufuri ndiyo pesa. Madeni 23 yakafungwa usiku mmoja bila shilingi kuingia.

Mweka hazina wa chama kile, mama mtu mzima aliyeshika vitabu vyao miaka mingi, alinipigia simu. Hakufoka. Alisema, "Mwanangu, hawa watu niliwapigia asubuhi kuwapongeza kwa kumaliza mikopo. Wawili nimeshawarudishia hati walizoweka dhamana. Sasa nikawaambie nini?"

Sikuwa na jibu. Deni moja moja tulilifungua tena, na ni yeye aliyelazimika kuwapigia watu wale simu ya pili. Nilipomtembelea baada ya wiki mbili nilimkuta ameweka daftari kubwa kando ya tarakilishi, anaandika kila malipo kwa kalamu. Hakuniambia kitu kuhusu daftari lile, na mimi sikuuliza.

Sasa tazama kilichotokea. Mstari ule ulikuwa umepitiwa. Kavareji haikutudanganya hata kidogo: ilisema mstari umeguswa, na kweli ulikuwa umeguswa. Kilichokosekana ni data ambayo hatukuiwaza, na kavareji haiwezi kuhesabu usichokiwaza. Baadaye niliendesha PHPStan pamoja na kifurushi chake cha sheria kali juu ya faili lile lile. Mstari ule ukatokea kwenye orodha ndani ya sekunde chache: usitumie ==, tumia ===. Alama moja ya ziada tu. Zana yenyewe ina leseni ya MIT, haina malipo, na PHPStan ilikuwa imeshatimiza miaka kadhaa tangu itolewe mwaka 2016. Sisi tulikuwa tukitafuta beji.

Bosi, asilimia 80 ya nini?

Hapa nazungumza na wakubwa wanaodai asilimia. Naelewa mnachotaka. Mnataka namba ya kumwonyesha mteja, na namba ni rahisi kuliko imani. Lakini mnajua kinachotokea mkimwambia kijana afike asilimia 80 kabla ya mwisho wa mwezi? Nitawaambia, maana nimekagua misimbo ya watu wengi.

Ataandika jaribio linaloita kila kitu na halidai chochote. PHPUnit siku hizi hulalamika ikikuta jaribio lisilodai kitu, kwa hiyo ataongeza mwishoni assertTrue(true), yaani "nadai kwamba kweli ni kweli". Hongera! Kisha ataacha zile sehemu ngumu za pesa na ruhusa za watumiaji, kwa sababu zinahitaji siku tatu kuzijaribu, na atakwenda kwenye vile vipengele vyepesi vya kuweka jina na kusoma jina, ambavyo vina mistari mingi na hatari sifuri. Mwisho wa mwezi asilimia 81, na bosi atafurahi. Mchumi Mwingereza Charles Goodhart alilionyesha jambo hili mwaka 1975 akizungumzia sera za fedha: takwimu ikianza kutumiwa kama rungu, inaacha kupima kile ilichokuwa ikipima. Sisi tuna mfano wetu ulio karibu zaidi. Stika ya ukaguzi kwenye kioo cha matatu haisimamishi gari. Breki ndizo zinazosimamisha.

Je, basi kavareji ni takataka? La hasha. Ngoja nikupe kisa ambacho ulimwengu mzima ulikiona. Februari 2014, Apple ilitoa masahihisho ya haraka ya mfumo wa iPhone kwa sababu ya kosa ambalo limebaki na jina "goto fail". Katika sehemu ya msimbo inayothibitisha kwamba tovuti unayozungumza nayo ndiyo yenyewe, mstari "goto fail;" ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo. Ule wa kwanza ulikuwa chini ya sharti. Ule wa pili haukuwa chini ya sharti lolote, kwa hiyo programu iliruka kila mara, na ikaruka ikiwa imebeba jibu la "hakuna kosa". Mistari iliyofuata, ile iliyokuwa ikague saini yenyewe, haikuendeshwa kamwe. Mtu aliyekaa katikati ya mtandao angeweza kujifanya benki yako.

Hapa zana zote mbili zingesaidia. Kompaila ya Clang ina onyo la msimbo usiofikika, -Wunreachable-code, ambalo lingeuonyesha mkia ule uliokufa. Lakini onyo hilo halimo katika fungu la -Wall, kwa hiyo anayedhani amewasha maonyo yote kwa -Wall hajaliwasha. Na ripoti ya kavareji ya faili lile ingeonyesha mistari michache ya mwisho ikiwa myekundu kila siku, jaribio lolote uendeshe. Mistari michache tu! Katika mradi mkubwa ingekuwa sehemu ndogo sana ya asilimia moja, na bosi mwenye kudai 80 angepitisha bila kuona chochote.

Kwa hiyo kavareji isome kinyumenyume. Usiangalie jumla. Fungua ripoti, tafuta wekundu, ujiulize: mstari huu ambao hakuna aliyeugusa unafanya nini? Ikiwa unagusa pesa, nywila, au data ya mgonjwa, hiyo ndiyo kazi yako ya kesho asubuhi. Ikiwa unachapisha salamu za sikukuu, uache.

Na ukitaka kujua kama ule ukijani una uzito, kuna njia ya zamani ambayo DeMillo, Lipton na Sayward waliieleza mwaka 1978: haribu msimbo makusudi. Geuza jumlisha iwe toa, geuza "kubwa kuliko" iwe "ndogo kuliko", kisha endesha majaribio. Yakiendelea kupita wakati msimbo umeharibika, ujue majaribio yako yamelala. Zipo zana huria zinazofanya hivyo zenyewe: Infection kwa PHP, PIT kwa Java, Stryker kwa JavaScript, mutmut kwa Python. Ni za polepole, sikatai. Ziendeshe kwenye faili la malipo peke yake, usiku, ukiwa umelala. Ile assertTrue(true) itaumbuka kabla jogoo hajawika.

Bure na huria

Sasa tuje kwenye neno lililonikera zaidi. Waingereza wana neno moja tu, na kwa sababu hiyo wamelazimika kulifafanua kwa zaidi ya miaka 30. Sisi Kiswahili kimetupa mawili. Bure ni kitu usicholipia. Huria ni kitu ambacho hakuna anayeweza kukufungia. Tena "bure" yetu ina maana ya pili ambayo wahenga hawakuiweka kwa bahati mbaya: kitu cha bure kinaweza pia kuwa kazi bure.

Chukua FindBugs, zana ya Java iliyotoka katika Chuo Kikuu cha Maryland chini ya Bill Pugh. Ilipendwa duniani kote. Toleo lake la mwisho lilitoka mwaka 2015, kisha kimya. Watumiaji walifanya nini? Kwa kuwa leseni iliwaruhusu, walichukua msimbo wote, wakaupa jina SpotBugs, na mwaka 2017 wakaendelea pale ulipoishia. Aliyekuwa akitegemea FindBugs alihama kwa kubadilisha mistari michache ya mipangilio. Huo ndio uhuria. Mwenye zana aliondoka na zana ikabaki.

Sasa tazama upande wa pili. Semgrep, zana nzuri ya kutafuta mapengo ya usalama, mwishoni mwa 2024 ilibadilisha jina la toleo lake la wazi na kukaza masharti ya matumizi ya sheria zake za uchambuzi. Mwezi Januari 2025 kundi la kampuni za usalama likajitenga na kuanzisha Opengrep kutokana na ule ule msimbo. Wangalipo njia ya kujitenga kwa sababu injini ilikuwa na leseni ya LGPL, lakini sheria zilizokazwa hazikwenda nao. Mwishoni mwa 2024 hiyo hiyo, kampuni ya SonarQube ilihamisha vichambuzi vyake kadhaa kutoka leseni huria hadi leseni yao wenyewe, ambayo inakuruhusu kuuona msimbo huku ikikuwekea mipaka ya matumizi. Na toleo lao lisilo na malipo halichambui matawi ya mradi wala maombi ya kuunganisha msimbo, wala haligusi C na C++ kama matoleo ya kulipia. CodeQL ya GitHub ni bure kwa miradi ya wazi, lakini kuitumia kwenye msimbo wa faragha wa kampuni yako kunahitaji leseni ya kulipia. Wangapi kati yetu wamesoma hilo kabla ya kuiweka kazini? Nyooshea mkono... hata mimi sikusoma mara ya kwanza.

Sisemi kwamba kampuni hizi ni wezi. Wana mishahara ya kulipa, na wameandika mkataba wao waziwazi. Nasema kwamba mkataba ni mkataba, na wewe umeusaini bila kuusoma kwa sababu uliona neno "bure". Siku bei itakapokuja, itakuja kwa dola, kwa kila mtumiaji, kwa kila mwezi, na wewe unalipwa kwa shilingi. Wakati huo timu yako nzima itakuwa imeshazoea, ripoti za miaka miwili zimo kwao, na bosi atakuuliza wewe kwa nini. Mtego wa panya huwekwa samaki, hauwekwi mawe.

Na kuna bei nyingine isiyoandikwa kwenye ukurasa wa bei. Huduma nyingi za bure zinakutaka uwapelekee kitu: msimbo wako, au ripoti zako, kupitia programu ndogo yao inayoendeshwa ndani ya mitambo yako. Mwaka 2021 wavamizi waliibadilisha programu ya namna hiyo ya Codecov, huduma maarufu ya kuonyesha kavareji. Kuanzia 31 Januari hadi ilipogunduliwa 1 Aprili, ilikuwa ikichota siri zilizokuwa kwenye mazingira ya wateja na kuzituma kwa wavamizi. HashiCorp, kampuni ambayo kazi yake ni pamoja na kutunza siri za wengine, ililazimika kubadilisha ufunguo wake wa kutilia saini. Kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya beji! Ripoti ile ya kavareji ni faili la HTML. Unaweza kuitengeneza kwenye laptopu yako, intaneti ikiwa imekatika, bundle zikiwa zimeisha.

Kwetu Kenya tuongeze hili: tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Nimeona miradi yenye mafaili ya majaribio yaliyojaa majina na namba za simu za wateja wa kweli, zilizonakiliwa kutoka hifadhidata "kwa haraka tu". Ukipeleka mradi huo kwenye seva ya ughaibuni ili upate ripoti ya bure, umepeleka wateja wako pia. Nani atakayejibu wakiuliza?

"Lakini zana hizi zinapiga kelele tu"

Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu, na siwezi kuiruka. Mtu anaendesha kichambuzi kwa mara ya kwanza kwenye mradi wa miaka mitano, anapata makosa 4,000, anakifuta, hakirudii tena. Wala si wavivu peke yao wanaosema hivyo. Waandishi wa SQLite, hifadhidata iliyo ndani ya karibu kila simu, wameandika wazi kwamba uchambuzi wa kusoma msimbo umewapatia makosa machache sana, na kwamba wameingiza makosa mengi zaidi walipokuwa wakijaribu kunyamazisha maonyo. Hao wakisema, nasikiliza.

Lakini soma na upande wa pili wa maisha yao. SQLite ina kavareji ya matawi asilimia 100 na MC/DC asilimia 100, na msimbo wa majaribio yao ni zaidi ya mara 500 ya msimbo wa hifadhidata yenyewe. Mtu aliyelala kwenye godoro la namna hiyo ana haki ya kuudharau mkeka. Wewe na mimi, wenye majaribio arobaini na tarehe ya kukabidhi kazi Ijumaa, hatujafika huko.

Na kuhusu makosa 4,000, dawa ipo na ni ya bure. PHPStan ina kitu kinachoitwa baseline: inaorodhesha makosa yote ya zamani kwenye faili moja, inayanyamazia, na kuanzia hapo inalalamika kwa makosa mapya tu. Tena ina ngazi kuanzia 0. Anza na 0, panda ngazi moja kila miezi miwili. Ukuta hauujengi upya, unaziba ufa mpya siku unapotokea. Wahenga walishasema kuhusu nyufa, sina haja ya kurudia.

Basi uchukue ipi?

Kijana, najua ulikuwa unasubiri hapa. Usianze na majina, anza na maswali manne.

1. Je, inaendeshwa kwenye tarakilishi yangu bila intaneti na bila kufungua akaunti? Kama hapana, iweke kando.

2. Je, leseni yake ni huria kweli, yaani MIT, BSD, Apache, LGPL, GPL, EPL? Fungua faili la leseni ulisome. Usiamini tangazo, na usiamini "bure milele".

3. Je, mwenye zana akifa, akiuza kampuni au akichoka, mtu mwingine anaweza kuendelea nayo? Jibu la swali la pili ndilo linalokupa jibu la hili.

4. Je, naweza kuiambia ilinde faili moja kwanza? Zana inayokulazimisha kusafisha nyumba nzima siku ya kwanza utaiacha siku ya pili.

Kisha majina, kwa wanaotaka majina. Wa PHP: PHPStan na sheria kali zake, PHPUnit ikiwa na PCOV au Xdebug kwa kavareji, Infection kwa yale mafaili ya pesa. Wa Python: Ruff au Pylint, mypy, na coverage.py ya Ned Batchelder, usisahau kuwasha upimaji wa matawi maana haukuwashwa tangu mwanzo. Wa Java: SpotBugs, PMD, na JaCoCo, ukiwa na mradi wa zamani wenye Clover, ujue tangu 2017 ipo OpenClover ambayo Atlassian iliiachia umma, mfano adimu wa kitu kilichotoka kwenye kulipia kikaja kwenye uhuria. Wa JavaScript: ESLint, na c8 au Istanbul. Wa C na C++: anza na kompaila yako mwenyewe, washa -Wall na -Wextra, kisha Cppcheck, kichambuzi cha Clang, na gcov inayokuja na GCC. Wa Go hamna kisingizio hata kimoja, kwani "go vet" na "go test -cover" zimo ndani ya lugha yenyewe.

Mbili zinatosha kuanzia, moja ya kusoma na moja ya kuhesabu. Nimeona timu zenye zana saba na hakuna anayesoma ripoti hata moja.

Na kwa bosi wako mwambie hivi, kwa heshima: "Mzee, badala ya asilimia 80 ya kila kitu, nipe wiki mbili nifikishe asilimia 100 ya matawi kwenye malipo, na kila Jumatatu nikuonyeshe mistari myekundu iliyobaki na kwa nini imebaki." Akikataa, mwulize mfumo ukifunga madeni 23 usiku mmoja ni nani atakayewapigia wateja simu. Mimi najua ni nani, nilikuwepo. Ni mama mmoja mwenye daftari, na hakuna beji niliyowahi kubandika iliyomfanya alifunge.